Umesikia, au Umeambiwa?

Siku ya maziko yake nilikaa nyuma, pamoja na wanawake waliokuwa wakipanga sahani, nikasikia maneno mawili yakisemwa juu yake kwa sauti ile ile ya chini. Mmoja alisema, "Huyu ndiye aliyefunga chuo." Mwingine akasema, "Huyu ndiye aliyewafundisha." Hawakubishana, maana msibani watu hawabishani. Mimi nami sikusema kitu. Arubaini imepita sasa, na naona nikiendelea kunyamaza yatabaki maneno hayo mawili tu, na mtu mwenyewe hatakuwemo ndani yake.

Sisi mtaani tulimwita Mkufunzi. Wanafunzi walimwita hivyo, na hata mkewe, mbele za watu, alimwita hivyo. Alikotoka na aliyemzaa sikuuliza, na si kazi yangu kuyasema. Nilimjua miaka aliyokaa nyumba ya pili kutoka kwetu, hapa Tanga mjini, akifundisha katika chuo kimoja cha utabibu kilichokuwa Raskazone, ndani ya jumba la zamani lenye veranda pana. Chuo hicho hakipo tena. Binti yangu Saumu alisoma hapo. Mimi nina darasa la saba, nashona nguo, na mambo ya chuo nitayasema kama nilivyoyaelewa. Niliyoyaona nitasema nimeyaona, na niliyoambiwa nitasema nimeambiwa. Adabu hiyo nimeipata kwake.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mabega yameinama mbele kidogo kama ya mtu anayesikiliza mlangoni. Alivaa mashati meupe ya mikono mifupi, na mimi ndiye niliyemgeuzia kola zikichakaa. "Geuza, Mama Saumu, shati lina maisha bado." Siku ya kwanza aliyoniletea shati aliniuliza kabla hajalitoa mfukoni:

"Kushona umesomea wapi?"

"Kwa mama yangu."

"Na ukikosea, mama alikuwa anafanyaje?"

"Anafumua yote. Kisha ananichapa na futi ya mbao."

Akanipa shati. "Basi umesoma."

Swali hilo halikuwa langu peke yangu. Kila mwenye ufundi aliulizwa amesomea wapi. Fundi umeme aliulizwa akiwa juu ya ngazi. Kinyozi wa pale kona alipoulizwa alijibu, "Kwenye kichwa cha mdogo wangu, Mkufunzi. Naye mpaka leo anavaa kofia." Watu wakacheka, na Mkufunzi akacheka nao, lakini hakukaa kwenye kiti mpaka alipooneshwa wembe mpya ukitoka kwenye karatasi yake. Wengine walichukia. Mwanamke mmoja mpika biriani, aliyepikia nusu ya harusi za mji huu, alimjibu, "Nimesomea tumboni mwako, kwani hukushiba?" Na kweli alikuwa ameshiba.

Harusini alikuwa mtihani wa peke yake. Ikipita birika ya kunawa, wenzake wananawa vidole, yeye ananawa mpaka kwenye viwiko, taratibu, kidole kimoja kimoja, na mmiminaji anasimama na birika tupu. "Mkufunzi, wali unapoa!" Yeye husema, "Wali utapashwa moto." Mume wangu, Baba Saumu, alijifunza kutokaa naye sinia moja.

Lakini mtu huyo aliyewafundisha watoto wa watu kudunga sindano alikuwa anaogopa sindano. Hili nimeliona. Walipokuja watu wa chanjo kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, alisimama kwenye foleni, na kila akikaribia meza alimpisha aliye nyuma yake. "Tangulia, mama. Tangulia, mzee." Foleni ikaisha, akabaki yeye. Nesi alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Akamwambia, "Mkufunzi, leta bega." Alifumba macho, na jasho likamtoka puani. Nilimtania njiani, akasema, "Nayajua mengi mno, Mama Saumu. Wewe unaona sindano, mimi naona yote yanayoweza kukosewa."

Na chai yake ilikuwa na sukari ya kutosha watu watatu, naye akiwakaripia wagonjwa kwa hilo hilo. Mkewe alipomkumbusha, aliuliza, "Umesomea wapi?"

Pale kona, jirani na kinyozi, kulikuwa na dada muuza mihogo ya kukaanga. Yupo mpaka leo. Anaburuza mguu wa kulia, kisigino hakifiki chini vizuri. Alipokuwa mdogo alishikwa na homa, akapelekwa kwenye duka la dawa, na mwenye duka akamdunga mahali pasipo pake, akagusa mshipa wa fahamu. Homa ikapona na mguu ukapooza. Mkufunzi alinunua mihogo yake kila jioni, hata siku ambazo kwake wali umeshaiva, na mkewe alikuja kunilalamikia mimi. Hakumwuliza yule dada juu ya mguu hata mara moja. Ila siku moja alikuwa amekaa kwangu akingoja kola, dada akapita na beseni kichwani, Mkufunzi akamfuata kwa macho mpaka akapotea.

"Unajua kinachonitisha?" akaniambia. "Yule aliyemdunga hakutetemeka mkono. Alikuwa na uhakika."

Chuoni walijifunzia sindano kwenye machungwa. Kilikuwa kinakuja kiroba kizima kutoka Muheza, watoto wanayadunga maji siku nzima, na Mkufunzi anapita katikati yao akisema neno lake, "Rudia." Saumu alilisikia hata usingizini. Mikono ikiwa sawa, "Rudia." Mikono ikitetemeka, "Rudia." Sikumsikia hata siku moja akisema "vizuri". Lakini machungwa alikuwa hayapendi. Alisema chungwa linafaa siku ya kwanza tu, maana chungwa halilii, halivuti mguu, na halina mshipa wa kupooza. Chuo kilitakiwa kuwa na madoli maalumu ya kujifunzia, yenye bega na makalio na mishipa, na kilitakiwa kuwa na vitanda, hadubini, na walimu wa kutosha. Alikuwa akiviomba kwa mwenye chuo, na mwenye chuo akijibu kuwa vinakuja.

Vilivyokuja ni wanafunzi. Kila mwaka wengi kuliko mwaka uliopita.

Nilikuwa sijui kwamba hilo ni jambo la kutisha. Mimi niliona chuo kinachojaa ni chuo kizuri, kama hoteli inayojaa. Nilikuwa nimeshaanza kumtangaza Saumu mtaani, na watu walishaanza kumletea vipele vyao avitazame. Kisha jioni moja Mkufunzi akaja barazani kwetu. Hakuketi. Siku hiyo aliwapeleka wanafunzi wodini, na kulikuwa na mama mmoja mgonjwa wa moyo, moyo wenye mvumo, ambao tabibu anatakiwa aujue kwa masikio yake. Walikuwa wengi, wamezunguka kitanda kimoja safu kwa safu, na Saumu alikuwa safu ya nyuma.

"Saumu. Moyo wa yule mama, umesikia au umeambiwa?"

Mwanangu akatazama chini. "Nimeandika, Mkufunzi."

"Sikukuuliza kuandika."

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na aliyekuwa mbele yangu."

"Na yeye?"

"Sijui, Mkufunzi. Labda naye aliambiwa."

Ndipo akaketi. Nilimpa kahawa, akaishika mpaka ikapoa. Baba Saumu, ambaye hapendi ukimya, akasema, "Si atasikia mbele ya safari? Mtoto bado anasoma."

"Huko mbele ya safari atamsikiliza nani, Baba Saumu? Mkeo? Mimi?"

Akatueleza jambo ambalo wazazi wengi tulikuwa hatujaelezwa. Chuo hakisimami kwa ubao wa jina getini. Kipo chombo cha serikali kinachokipima chuo, kikiona kinafaa kinakipa ithibati, na ithibati hiyo ina idadi yake: walimu hawa na vitanda hivi vinatosha wanafunzi kadhaa, si zaidi. Chuo chetu kilikuwa kimezidisha maradufu. Wakaguzi walikuwa njiani. Wakikiondolea ithibati, cheti cha mtoto hakitampatia leseni, na bila leseni hamgusi mgonjwa.

Niliuliza, "Kwa hiyo mtoto anaweza kusoma miaka yote, akafaulu yote, na bado asiwe tabibu?"

"Ndiyo."

"Na wasipokiondolea?"

"Wasipokiondolea, atakuwa tabibu aliyeambiwa."

Baba Saumu akakasirika. Akasema hayo ni makaratasi ya wakubwa, kwani waganga wa zamani walipewa ithibati na nani? Mkufunzi akamwuliza, sokoni ukinunua dagaa, unatazama nini kwenye mizani? Unatazama kama ina muhuri wa serikali. Uso wa muuzaji huutazami. Baba Saumu akasema, "Hata yenye muhuri inapunja, yakhe. Mimi nimepunjwa." Mkufunzi akainua kichwa kama mtu aliyeguswa jeraha. "Kweli," akasema. "Kweli kabisa. Ndiyo maana hairuhusiwi kupimwa mara moja ikaachwa." Akaondoka bila kuaga vizuri, na usiku huo sikupata usingizi. Sikujua niombe nini. Nikiomba wakaguzi wasione, namwombea mwanangu ujinga. Nikiomba waone, namwombea apoteze miaka yake.

Sasa nieleze siku yenyewe, maana hiyo ndiyo inayosemwa msibani.

Huku kwetu mtu akiwa na shughuli haachwi peke yake. Sahani zinatoka nyumba hii, mikeka nyumba ile, sufuria kubwa kwa chama cha akina mama, na viti kwa jirani. Mgeni anakuta nyumba imejaa, anakula, anasifu, na jioni kila kitu kinarudi kwa mwenyewe. Hakuna anayeuita huo udanganyifu. Ni kusitiriana. Mkuu wa chuo alikuwa mtu wa hapa hapa, na wakaguzi walipotuma habari ya kuja, alifanya kile ambacho mama yake angefanya. Aliazima. Vitanda vilitoka kwenye gesti. Hadubini na doli vilitoka chuo kingine kilicho mkoa mwingine. Vitabu vilitoka shule ya sekondari. Hata walimu waliazimwa, daktari mmoja mstaafu na nesi mmoja mstaafu, wakae ofisini siku moja wakiwa na makoti meupe. Makoti hayo nimeyashona mimi, na sufuria yangu ndiyo iliyopikia pilau. Tulipika kwa moyo. Tulijua tunamsitiri jirani.

Mkufunzi alimwendea Mkuu siku moja kabla. Hili nimeambiwa na mkewe. Alimwambia, "Usiniweke kwenye chumba cha mazoezi. Wakiniuliza, sitasema uongo." Mkuu akacheka, akamgonga bega. Alidhani ni mzaha, maana kwetu huwezi kualikwa kwenye shughuli ya mwenzako ukasimama mbele ya wageni ukasema, "Sahani hizi si zake." Hajazaliwa mtu huyo. Akamweka kwenye chumba cha mazoezi.

Mimi nilikuwa uani, na mwiko mkononi. Yaliyotokea ndani nimeambiwa na Saumu, ambaye alikuwepo, na nina imani naye. Mkaguzi mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, alimwita Saumu mbele ya lile doli akamwambia amwoneshe jinsi ya kumsaidia mgonjwa kupumua. Saumu alikuwa hajawahi kuligusa. Lilikuwa limefika jana yake jioni. Alilishika kidevu, akaliachia, akalishika tena. Hakujua hata linafungukia wapi. Mkaguzi akamgeukia Mkuu, akauliza kwa upole, "Vifaa hivi ni vya chuo?"

"Vya chuo," Mkuu akasema. "Siku nyingi."

"Mbona mwanafunzi havijui?"

Mkuu akamtazama Saumu na kusema, "Huyu mwanafunzi ni mzito kidogo."

Ndipo Mkufunzi akasema, na Saumu anasema hakupaza sauti, "Mtoto hana kosa. Doli hili ni la kuazima, limekuja jana. Hadubini ni za kuazima. Vitanda ni vya gesti. Jioni vyote vinarudi."

Mimi uani niliona kitu kimoja tu. Niliona watu wakitoka kwenye veranda mmoja mmoja, hawasemezani, na wale wageni wakaenda moja kwa moja kwenye gari. Hawakula. Tuligawana ile pilau, tukairudisha majumbani ndani ya masufuria. Baba Saumu alikula tonge moja akasukuma sahani. "Hii pilau ya matanga," akasema.

Chuo kikafungiwa. Mkufunzi mwenyewe alipoteza kazi siku moja na wengine, jambo ambalo watu hulisahau. Wanafunzi waliambiwa watafute nafasi katika vyuo vyenye ithibati, wapimwe upya huko, na watakaokubaliwa wasihesabiwe yale waliyosoma. Saumu alikuwa amebakiza kidogo amalize. Alilala kifudifudi kitandani kwangu akasema, "Mama, nimekuwa si kitu." Nilimshika mguu tu.

Mtaa ulimnunia Mkufunzi. Kinyozi alimwambia ana wateja wengi. Baba Saumu alibadili njia ya msikitini ili asipite mlangoni pake, akawa anazunguka nyuma, kwenye maji machafu, na kanzu yake ameishika juu. Alisema, "Bora angenyamaza. Watoto wangemaliza, kisha wakafunge chuo chao watakavyo." Nami nakiri maneno hayo yalikuwa na uzito. Sikuwa na mizani ya kuyapimia. Mkufunzi aliendelea kumwamkia kila asubuhi kutoka mbali, "Habari za asubuhi, Baba Saumu," na Baba Saumu anatazama minazi.

Kisha akafungua baraza lake. Aliweka benchi mbili, akasema mwanafunzi yeyote anayejiandaa kupimwa na chuo kingine aje, bila malipo. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili Saumu akavaa baibui, akapita mbele ya baba yake, akaenda. Jioni nilisikia kutoka kwenye cherehani yangu, nyumba ya pili, sauti ile, "Rudia." Nililia, lakini nilikuwa nashona, machozi hayaonekani ukiinama.

Si wote waliopata nafasi. Lazima niseme hilo. Kijana mmoja mcheshi wa darasa la Saumu, ambaye baba yake alishafariki, hakuwa na wa kumlipia kuanza upya. Sasa ni bodaboda. Nyuma ya pikipiki yake ameandika "Dokta". Mkufunzi hakupanda bodaboda nyingine ila hiyo. Nilimwona akishuka, analipa, na kijana anamwambia, "Shikamoo Mkufunzi, nikusubiri?" Naye anasimama pale, akitazama lile neno, mpaka pikipiki inakata kona. Sijui alikuwa anasema nini moyoni. Sijaambiwa.

Kilichomla zaidi hakikuwa hawa, ni wale waliotangulia. Madarasa ya mwanzo yalimaliza wakati ithibati ipo, wakapata leseni halali, wakapelekwa kwenye zahanati za pwani. Naye aliwapitisha huku akijua vitanda havitoshi. Miaka miwili alinyamaza kabla hajasema. Aliniambia hivyo mwenyewe, akiwa ameshika kola mkononi: "Mimi nilikuwa muhuri, Mama Saumu. Nimegongwa kwenye mizani mbovu." Akaanza kusafiri. Leo yuko Pangani, kesho kutwa amevuka na kivuko kwenda ng'ambo, mara yuko Mkwaja, njia ambayo mvua ikinyesha gari linalala kwenye tope jeusi. Anaingia zahanati, anaketi kwenye benchi na wagonjwa, anatazama mikono ya mwanafunzi wake. Dada yangu ameolewa Mkwaja, na hili nimeambiwa naye. Alikuwa kwenye foleni na mjukuu mwenye kifua, akamwona mzee mrefu anasimama nyuma ya tabibu na kusema, "Rudia. Hapa hujasikiliza." Tabibu, mtu mzima mwenye watoto, akageuka na kusema, "Mkufunzi, mimi sasa ndiye mkubwa hapa. Usiniaibishe mbele ya wagonjwa." Mzee akajibu, "Haya. Lakini rudia." Na akarudia. Dada yangu anasema tabibu alipoweka kipimo cha masikioni mara ya pili, chini zaidi, alitulia, kisha akabadili dawa aliyoandika.

Kwingine alifukuzwa. Kituo kimoja walimwitia mgambo.

Katika safari hizo ndipo alipoanza kuchoka. Akawa anapumzika kwenye ngazi za kwangu kabla hajafika kwake, na ni hatua chache tu. Aliacha kuniletea mashati, na nilipouliza, mkewe akasema hayamwingii vizuri, amenenepa miguu. Miguu tu.

Saumu alipata nafasi katika chuo kimoja huko milimani, akaanza upya, akamaliza, akapata leseni. Akapangiwa kituo cha afya upande wa Pangani. Idd iliyopita alirudi nyumbani, akaniambia twende tukamsalimie Mkufunzi. Nikafunika sahani ya biriani kwa kawa, tukatoka. Baba Saumu akaja nyuma yetu, na kanzu yake ya Idd. Sikumwita. Alipofika mlangoni kwa Mkufunzi alisimama hapo hapo kizingitini, kama aliyekuja kutazama mvua.

Mkufunzi alikuwa kwenye kiti, amewekewa mito nyuma. Alikuwa anasema maneno mawili, anapumua, anasema mengine mawili.

"Shikamoo, Mkufunzi."

"Marahaba... mwanangu. Idd njema."

Mkewe akaanza kumshtaki kabla hatujaketi. "Hataki hospitali. Hataki! Wanawe wamepiga simu, hataki. Mchungaji wetu kaja mpaka hapa kumwambia, kaulizwa kasomea wapi."

"Alisomea uchungaji," Mkufunzi akasema. "Hakunijibu... vibaya."

Saumu hakucheka. Alikuwa anatazama shingo yake, kisha miguu, kisha shingo. "Mkufunzi, naomba nikupime."

"Leseni unayo?"

"Ninayo."

"Nawa mikono."

Nilishika birika mimi. Alinawa kidole kimoja kimoja, mpaka viwiko, na maji yakaisha. Akatoa kipimo chake cha masikioni mkobani, akakipasha joto kiganjani, akamfungua shati. Kola ilikuwa ile niliyoigeuza. Akaanza juu mgongoni, akashuka upande huu na upande ule, polepole. Akafika chini akasimama. Akarudi juu, akashuka tena. Nilikuwa naijua sura ile ya mwanangu tangu yuko mdogo, sura ya mtu aliyefungua chungu akakuta kimeungua na hajui atamwambiaje mama. Kisha akaja mbele, kifuani, akafumba macho akasikiliza kwa muda mrefu, na nyumba nzima ikawa inapumua naye.

Alipovua kipimo, Mkufunzi akamwuliza.

"Umesikia... au umeambiwa?"

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

Saumu alimtazama mke wa Mkufunzi, akanitazama mimi. Nilitamani aseme kitu chepesi, siku ya Idd. Akamgeukia yeye.

"Maji, Mkufunzi. Mapafu yote mawili, kwa chini. Na moyo una mvumo. Kama wa yule mama wa wodini."

"Ule... ambao hukuusikia."

"Ule."

"Rudia."

Akarudia. Hakuharakisha. "Ni vilevile," akasema. "Ni leo, Mkufunzi. Si kesho."

Mkewe akagonga viganja. "Mimi si nimesema hayo hayo mwezi mzima!"

"Wewe ulikuwa unakisia, mama," Mkufunzi akamwambia, kwa upole. Akafunga vifungo vya shati mwenyewe, kimoja kimoja, mpaka cha kola. Kisha akasema, "Nileteeni viatu."

Vikaletwa viatu vyake vyeusi. Saumu akapiga magoti, akajaribu mguu wa kulia, akalegeza kamba zote, haukuingia. Akajaribu ndara za mkewe, hazikuingia. Mkufunzi akatazama miguu yake mwenyewe kama ya mtu mwingine. Nje bajaji ilikuwa imeshaitwa, inanguruma.

Ndipo Baba Saumu akavuka kizingiti. Alivua makubadhi yake ya Idd, mapana, mapya, akayasogeza kwa mguu mpaka mbele ya kile kiti. Saumu akamvalisha. Yakaingia.

"Habari za asubuhi, Baba Saumu," Mkufunzi akasema, na ilikuwa mchana.

"Nzuri, Mkufunzi."

Wakamshika huku na huku, mume wangu na mwanangu, wakampandisha. Alikaa hospitali majuma kadhaa, akarudi, akapelekwa tena, na mara ya pili hakutoka. Lakini mimi namkumbuka pale, anapandishwa bajaji kwa neno la Saumu bila kumwuliza amesomea wapi. Bajaji ilipokata kona, Baba Saumu akarudi nyumbani peku na kanzu nyeupe, akipita njia ya mbele, na watu wa Idd wakimtazama miguu.